Pavunu, Mjane wa Shujaa

Pavunu alipoletwa mtaani kwetu Sengalpatti akiwa bi harusi, vidole vyake vilikuwa vya manjano hadi kwenye kucha. Kwao walilima binzari, wakaichemsha na kuianika, na rangi ile haitoki kwa sabuni. Mama mkwe wake, Nallammal, alimkagua mikono mbele yetu sote, akasema angalau huyu hajazoea kukaa bure. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho. Nyumba yao na yetu ziligawana ukuta mmoja, na nikikaanga haradali kwangu, yeye alipiga chafya kwake. Mimi naitwa Thulasi. Tulikaa hivyo, ukuta kwa ukuta, kwa sehemu kubwa ya maisha yetu.

Mume wake, Marudhan, alifuma taulo katika karakana ya mashine za umeme nyuma ya stendi. Wanaume wa kazi ile hupayuka hata wakiwa nyumbani kwa sababu masikio yameshazoea kelele. Yeye alikuwa kinyume chao, alisema polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alipenda nyimbo za zamani za filamu redioni, na chai yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Siasa hazikumhusu. Siku ya kura alimuuliza mama yake aweke alama wapi, akaweka hapo hapo, akarudi kulala.

Mwenye chama pale nyumbani alikuwa Nallammal. Picha ya Ilamparidhi, kiongozi wa chama, ilining'inia kwenye sehemu yao ya sala, chini kidogo tu ya mungu Murugan, na kila Ijumaa zote mbili zilipata maua. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Jimbo zima lilimwita Kaka, hata wazee waliomzidi umri.

Kaka alikuwa mtoto wa fundi cherehani, akawa mwalimu wa lugha, akafungwa bado kijana kwa kupinga lugha ya watu wengine kuingizwa kwa nguvu mashuleni. Alipotoka gerezani alikuwa na ndevu na sauti ambayo watu walitembea kutoka vijijini kuja kuisikiliza. Alikitumikia chama cha mwalimu wake mpaka mwalimu alipozeeka, kisha akaondoka na nusu ya wanachama, akaanzisha chake chenye alama ya mtungi. Alipotawala mara ya kwanza ndipo bomba la maji lilipofika mtaani kwetu, na watoto wakaanza kupewa yai kwenye chakula cha mchana shuleni. Wakati huo huo mashemeji zake walijipatia mashamba yote mazuri ya kando ya mfereji, na mwandishi mmoja wa gazeti aliyeuliza waliyapataje alivunjwa taya. Kwa hiyo kulikuwa na nyumba ambamo mke aliitundika picha na mume akaigeuza itazame ukuta. Mimi nilimpigia kura zaidi ya mara moja na nilimtukana mara nyingi kuliko hizo.

Halafu akashindwa uchaguzi, na serikali ya wapinzani wake ikamkamata kwa mashtaka ya yale mashamba. Walimchukua alfajiri. Televisheni ilionyesha siku nzima polisi wakimvuta kwa mkono kushuka ngazi za nyumba yake, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Kabla jua halijawa kali, Sengalpatti ilikuwa imefungwa. Mashine zilizimwa, na ule ukimya ulitufanya sote tuwe na wasiwasi, kwa sababu hatukuuzoea.

Marudhan alikuwa amerudi mapema kutoka kazini siku iliyotangulia, ameshika mkono wa kushoto. Alisema amebeba robota la nyuzi vibaya. Asubuhi ile alikuwa analowa jasho akiwa amekaa tu. Pavunu aliniita kupitia ukutani, na sauti yake haikuwa ya kupiga kelele, aliniita kama anayeomba chumvi. Nilipomwona Marudhan nilikimbia kumtafuta Arokiam, jirani yetu mwenye bajaji. Nallammal alikuwa nyumba ya pili mbele ya televisheni, analia na wanawake wenzake kwa ajili ya Kaka. Tuliona tusimsumbue. Tulidhani ni jambo la kwenda na kurudi.

Hospitali iko ng'ambo ya daraja, barabara ya Bhavani. Pale darajani walikuwa wamepanga mabenchi ya mgahawa na matairi yanayowaka. Aliyetusimamisha alikuwa Dhanasekar, mtoto wa muuza tambuu, aliyekuwa amepewa ukatibu wa vijana wa kata mwezi huo huo. Alivaa shati jeupe na kitambaa cha kijani shingoni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Dada, rudini nyumbani. Leo hakuna kinachopita."

"Tunakwenda hospitali," Pavunu alisema. "Kifua."

Dhanasekar aliinama akachungulia. Marudhan alikuwa katikati yetu, amekaa wima kama alivyolelewa kukaa mbele ya watu, na hata alimsalimia kwa kichwa.

"Mbona yuko vizuri tu? Tangu asubuhi kila mtu ana mgonjwa. Aliyewatangulia alikuwa na mgonjwa pia, kumbe chini ya blanketi ni magunia ya vitunguu."

"Dhanasekar, tazama rangi ya uso wake," nilimwambia.

"Shangazi, wamemburuta Kaka kama mwizi wa kuku. Nikiwafungulia nyinyi nitamfungia nani? Pitieni njia ya mfereji, si mbali."

Hakusema kwa ubaya. Hilo nimelifikiria sana na bado naona hivyo. Alikuwa kijana ambaye kwa mara ya kwanza maishani watu wakubwa walimtii.

Njia ya mfereji ni ya matrekta. Bajaji ilirukaruka, na mimi nilikuwa nimeshika miguu ya Marudhan isigonge chuma. Alisema neno moja tu njia nzima. Alisema, "Mwambie apunguze." Arokiam akapunguza mwendo. Baada ya hapo kichwa cha Marudhan kilimlalia Pavunu begani, na Pavunu akamrekebishia ukosi wa shati. Tulipofika, daktari alikuja mwenyewe hadi kwenye bajaji, akaweka vidole shingoni, na hakutuambia tumshushe.

Pavunu hakulia. Aliniuliza kama nilikumbuka kuzima jiko kwangu.

Kesho yake asubuhi, tulipokuwa tumemlaza ukumbini na wanawake wamekaa kumzunguka, walikuja watu wa chama. Walileta shada kubwa kuliko mlango na bendera yenye mtungi. Dhanasekar alikuwa miongoni mwao. Katibu wa wilaya, mtu mnene mwenye adabu, alimwinamia Nallammal akamwambia kwamba katika jimbo zima watu wameanza kuanguka kwa uchungu wa kukamatwa kwa Kaka, na kwamba mwanawe ni mmoja wa hao, shujaa. Nallammal aliacha kulia. Alimtazama yule mtu kwa muda, kisha akageuka kuutazama uso wa mwanawe kana kwamba ameletewa mtu mwingine. "Nilijua," alisema. "Alikuwa kimya, lakini mimi nilijua alimpenda."

Nilimtazama Pavunu. Alikuwa ameshika ncha ya sari, anaangalia sakafu. Wakamfunika Marudhan bendera, wakambeba wao, na mji mzima ukamfuata mpaka mahali pa kuchomea maiti, hata watu ambao hawakuwahi kumjua jina. Gazeti la chama liliandika kwamba fundi wa taulo wa Sengalpatti, alipoona kwenye televisheni Kaka anaburutwa, alishika kifua, akatamka "Kaka," akaanguka. Picha yake waliikata kutoka kwenye ya harusi. Pembeni bado lilionekana bega la Pavunu.

Nilimuuliza Pavunu siku zile kama hatasema ukweli. Alikuwa anaosha mchele.

"Nimwambie nani?" alijibu. "Mama amekula leo. Ndiyo mara ya kwanza."

Kaka alikaa gerezani mpaka msimu wa mvua. Kesi ikalegea, mashahidi wakasahau, akatoka, na uchaguzi uliofuata akashinda kuliko alivyowahi kushinda. Alizunguka wilaya zote kushukuru, na kila alipokwenda, familia za mashujaa zilipangwa jukwaani upande wa kushoto kwenye viti vya plastiki. Pavunu walimfundisha sentensi tatu: Mume wangu aliposikia Kaka amekamatwa alishika kifua. Alitamka jina la Kaka mara moja. Mimi sidai kitu ila Kaka aishi miaka mingi. Alizisema kwenye kipaza sauti jinsi mtu anavyotaja bei ya nyanya, na umati ulilia. Nallammal alikuwa kiti cha mbele kabisa, amekaa kama malkia.

Nilikuwepo siku hiyo, nyuma ya kamba. Kaka alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Alimwekea Pavunu mkono kichwani, akasema kwenye kipaza sauti, "Kuanzia leo mimi ni kaka yako wa kuzaliwa." Pembeni akamuuliza ana watoto wangapi. Pavunu akasema mmoja, wa kike, Malarkodi. Kaka akatikisa kichwa, akaenda kwa mjane aliyefuata, akamwambia maneno yale yale.

Kutokana na siku hiyo Pavunu alipata kazi ya serikali, ya kupika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya mtaani. Nisiseme uongo, ile kazi ilimfaa. Alikuwa na masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na alijua kwa harufu tu kama dengu zimeiva. Mayai aliyamenya kwa kasi hadi watoto walikuwa wakija dirishani kutazama. Wanawake bombani walikuwa na lao la kusema. "Mpisheni mke wa Kaka," walisema akifika na ndoo, "sisi waume zetu wako hai, hatuna faida." Pavunu alisogea mbele kweli, akajaza ndoo yake, akaondoka. Hilo liliwachosha upesi.

Kila mwaka siku ya kukamatwa iliporudi, gari la chama lilikuja kumchukua. Alivaa sari nyeupe waliyompa, akakaa kushoto, akasema sentensi tatu, akala chakula cha kwenye majani ya mgomba pamoja na wenzake, akarudi. Niliwahi kumuuliza anajisikiaje pale juu. Akasema feni huwa upande wa kulia, waliko wakubwa.

Nallammal aliugua Malarkodi alipokuwa anamaliza sekondari. Alilala kitandani mpaka akabaki macho na pua tu. Siku moja mchana nilikuwa pale namsaidia Pavunu kumgeuza, mzee akamshika mkono.

"Pavunu. Sasa niambie mimi peke yangu. Alimwita Kaka, au aliniita mimi?"

Pavunu hakunitazama. "Alikuita wewe, mama."

"Mbona jukwaani unasema Kaka?"

"Ndivyo walivyoandika."

Mzee alitabasamu, mara ya mwisho niliyomwona akitabasamu. Alikuwa amempenda Kaka miaka yote ile, na bado alifurahi kumshinda.

Malarkodi alikuwa na akili na ulimi, vyote viwili. Alikwenda mji wa Coimbatore kusomea uuguzi. Alipokuja likizo, mwaka uliofuata kifo cha bibi yake, alimkuta mama yake anainyoosha ile sari nyeupe kwa pasi. Nilisikia kila kitu kupitia ukutani, na baadaye nilipita huko kwa kisingizio cha kurudisha bakuli.

"Mama, unakwenda tena?"

"Gari linakuja saa tatu."

"Bibi hayupo. Sasa unamwendea nani?"

"Nimezoea."

"Umezoea! Nilikuwa darasa la nne, lakini sikuwa kiziwi. Arokiam alimwambia mkewe, mkewe akawaambia watu wote. Baba alikufa kwa sababu walifunga daraja, na wewe unakwenda kukaa karibu na aliyelifunga, unakula wali naye. Darasani tumefundishwa, mama. Mtu mwenye dalili zile akifika mapema wanamdunga sindano, anatulia. Anaweza kuishi."

Pavunu alikunja sari mara mbili, akaipitisha pasi kwenye pindo. "Yai la shule ni la Kaka huyo huyo," alisema. "Na ada yako imetoka kwenye jiko lile. Nikisema, watampa mwingine lile jiko, na baba yako atabaki alivyo."

"Sikuomba ada ya namna hiyo."

"Hukuomba. Mimi ndiye niliyetoa."

Gari likaja, akaenda. Malarkodi alikata likizo akarudi chuoni siku hiyo hiyo, na kwa muda mrefu alituma salamu kupitia kwangu.

Jioni ile Pavunu alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, bado amevaa sari nyeupe. Alikaa kwenye kibao cha kukunia nazi. Akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Thulasi, mle kwenye bajaji alisema nini?"

Nilidhani ananipima. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Lakini nikijaribu kumsikia, nasikia anasema 'Kaka.' Nalisikia kwa sauti yake. Najua si kweli, ila ndilo ninalosikia. Leo nilipolisema pale juu nililisikia tena."

"Alisema, 'Mwambie apunguze.'"

Alitikisa kichwa. Alilirudia kimya, nikaona midomo inavyocheza. Kisha akasema ndiyo, inawezekana, alikuwa hapendi mwendo wa kasi. Nilimmiminia chai, akainywa, akaenda zake. Siku nyingine aliniuliza tena, na nyingine tena, kama mtu anayesahau alipoweka ufunguo, na kila mara nilimjibu.

Miaka ilikwenda. Kaka alishinda, akashindwa, akashinda. Alimpa mwanawe wizara, akampa mpwa wake kituo cha televisheni, na wao kwa wao wakaanza kuviziana. Barabara zikawa nzuri zaidi na hadithi za mashamba zikawa nyingi zaidi. Halafu mwaka mmoja tulisikia redioni kwamba ameungana na chama kile kile kilichomkamata. Yule aliyekuwa waziri wa polisi siku zile, aliyetoa amri ya kumvuta ngazini, sasa angesimama naye jukwaa moja. Watu wa mtaani walicheka siku mbili, kisha wakaanza kueleza kwa nini ni jambo la busara.

Wakati huo Dhanasekar alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Alikuwa na kitambi, miwani ya dhahabu, na pete tatu. Alikuja mwenyewe shuleni, akamkuta Pavunu jikoni, nami nilikuwa pale kwa sababu nilishaajiriwa kuwa msaidizi wake. Alieleza kwamba mkutano mkubwa wa muungano utafanyika Sengalpatti, na Kaka atakula chakula cha mchana hapa shuleni, kwa kuwa hawezi tena safari ndefu. Kwa hiyo Pavunu ampikie kitu laini. Na jukwaani asiseme zile sentensi za zamani.

"Nisemeje?"

"Sema mume wangu alikipenda chama. Hayo ya kukamatwa yaache. Mgeni, yule aliyetoa amri, atakuwa amekaa pale pale."

"Basi alikufa kwa nini?"

Dhanasekar alijikuna shingo. "Sema alikufa tu, dada."

"Hilo ni kweli," Pavunu alisema, akaendelea kukoroga.

Mkutano ulifanyika, na ratiba ilipochelewa wakaziruka familia za mashujaa zote. Hawakupandishwa. Wengine wakiwa bado wanahutubia, Kaka aliletwa shuleni kwa kiti cha magurudumu, akasukumwa hadi darasa la kwanza ambako tulikuwa tumetandika meza. Ndani walikuwa daktari wake, Dhanasekar aliyeshika jagi la maji, Pavunu, na mimi karibu na mlango na majani ya mgomba. Kaka alikuwa amebaki mdogo mno. Shingo haikujaza ukosi. Pavunu alimpakulia wali uliopondwa kwa mtindi, akampa kijiko, na mzee akala vijiko kadhaa kwa uangalifu kama mtoto anayejifunza.

Kisha aliinua macho, akaona sari nyeupe.

"Wewe ni wa mashujaa?"

"Ndiyo, Kaka."

"Mume wako alikufaje?"

Nadhani aliuliza tu kwa sababu ndilo swali alilozoea kuuliza, na jibu alilizoea pia. Dhanasekar alimtazama Pavunu na kumfanyia ishara ndogo kwa kidole, ile ya kukumbusha.

"Alikuwa anaumwa kifua," Pavunu alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Siku uliyokamatwa tulikuwa tunampeleka hospitali. Watu wako walikuwa wamefunga daraja. Tukazungushwa njia ya mfereji, akafia njiani. Hakukutaja. Alisema dereva apunguze."

Daktari aliacha kuandika ujumbe kwenye simu. Mimi nilishika majani ya mgomba kwa nguvu hadi yakachanika.

"Daraja lipi?" Kaka aliuliza.

"La barabara ya Bhavani."

"Lile nililijenga mimi." Alifikiri. "Nilikuwa ndani. Hawakuniambia nini kinaendelea nje. Nani alikuwa amesimama pale?"

Jagi mkononi mwa Dhanasekar lilikuwa linatoa sauti ya barafu. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Pavunu. Pavunu alikuwa anatazama sahani ya mzee.

"Vijana," alisema. "Walikuwa wengi."

"Vijana wangu walinipenda sana," Kaka alisema.

"Ndiyo."

Nikaona macho ya mzee yamejaa maji, lakini siku hizo macho yake yalijaa maji kwa chochote, hata kwa upepo. Akagonga kijiko kwenye sahani.

"Mtindi umeisha?"

"Upo," Pavunu alisema, akamwongeza.

Walipomwondoa tulibaki na vyombo. Pavunu alitoka kusugua masufuria kwenye bomba la uani, na Dhanasekar akamfuata, viatu vyake vya kung'aa ndani ya matope. Nilikuwa nasuuza upande wa pili, na hakujali kwamba nipo. Nadhani alishasahau kwamba hata siku ya daraja nilikuwepo.

"Dada, kwa nini hukunitaja?"

"Ulitaka nikutaje?"

"Sijui." Alivua miwani, akaishika tu. "Mimi nilidhani mlifika. Naapa nilidhani mlifika. Jioni waliponiambia Marudhan amekufa, nilimwambia katibu ni kwa ajili ya Kaka. Habari ya gazeti nilimpa mimi. Nikaisoma, nikaiamini. Kuna wakati niliiamini kabisa."

"Hata mimi," Pavunu alisema.

"Nifanye nini?"

"Sogea. Nataka kumwaga maji."

Akasogea. Maji machafu yalipita pale alipokuwa amesimama, yakaenda mtaroni. Alingoja kidogo, akaona hakuna zaidi, akaenda kwenye gari lake.

Nilidhani kazi ya Pavunu imekwisha. Kwa wiki nzima kila gari lililosimama nje ya shule lilinifanya nisahau chumvi. Hakuna kilichotokea. Kazi haikuguswa. Mwaka uliofuata gari la chama halikuja kumchukua, na tulisikia halikwenda popote, sherehe ya mashujaa ilikuwa imefutwa kimya kimya ili kumpendeza mgeni. Ile sari nyeupe Pavunu aliichana, akaifanya vitambaa vya kushikia masufuria.

Malarkodi alipopata habari ya kile chakula cha mchana, mimi ndiye niliyempigia simu kumwambia, aliniomba nirudie tangu mwanzo. Kisha akauliza, "Alimwambia yeye mwenyewe? Usoni?" Nikamwambia ndiyo, usoni, huku anampakulia. Jumapili iliyofuata alikuja kwa basi. Sikusikia walichozungumza kwa sababu, mara moja hiyo, niliwasha redio kwa makusudi.

Kaka alifariki hospitali ya mji mkuu wa jimbo, katika usingizi. Mwanawe na mpwa wake waligombania nani atawasha moto wa kumchoma, kisha wakagombania ofisi, kisha alama ya mtungi, na mahakama ikawazuia wote wawili kuitumia. Kila upande ulimtuma mtu kwa Pavunu kumwalika awe mgeni wao. Aliwaambia magoti yanamuuma. Dhanasekar alikwenda na mpwa, akashindwa uchaguzi, na sasa ana duka la simenti. Nikipita ananiamkia.

Pavunu alipika mpaka umri wa kustaafu ulipofika. Walimpa saa ya ukutani na shada la maua. Malarkodi, ambaye ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa moyo, alimchukua kwenda kuishi naye Coimbatore, ghorofa ya nne. Nilikwenda kumwona baada ya sikukuu ya mavuno. Alikuwa amenenepa kidogo. Alilalamika kwamba mkwe wake hali pilipili, na kwamba maji ya kule hayaivishi dengu. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi, nzima, wote wawili ndani yake, Malarkodi aliipata kwa mpiga picha wa zamani.

Nilimuuliza kama humwota Marudhan. Alifikiri vizuri kabla ya kujibu, kama ilivyo desturi yake.

"Hapana," alisema. "Naota masufuria ya shule. Yanachemka, watoto wamepanga foleni, na mimi bado sijaweka chumvi."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Natafuta tu chumvi."

Mjukuu wake aliamka akaanza kulia chumbani, Pavunu akaenda kumchukua, na mimi nikaingia jikoni kumalizia mboga aliyokuwa anakata.